Maswali ya Wasomaji: Kuutafuta Ukoo wa Mtoto Aliyefariki Akiwa Mdogo

Katika toleo lililopita tulichapa makala kuhusu mtoto aliyezama na meli ya Titanic, akazikwa bila jina mjini Halifax, Kanada, na kutambuliwa baada ya miaka 95. Barua zilizotufikia ni nyingi kuliko tulivyotarajia. Tumechagua tatu, kwa sababu kila moja inaanzia pale ambapo nyingine imeishia.

SWALI: Mhariri, mliandika kwamba mtoto huyo alitambuliwa mwaka 2007 kuwa ni Sidney Leslie Goodwin, Mwingereza wa miezi 19. Ninafundisha historia katika shule ya sekondari, na wanafunzi wangu wamenibana kwa swali ambalo sikuwa na jibu lake. Mtoto wa umri huo hakuoa wala hakuzaa, na kwa maelezo yenu wenyewe, baba yake, mama yake na ndugu zake wote watano walikufa siku hiyo hiyo. Nyumba nzima ilikatika. Je, watafiti waliwapata wapi jamaa wa kumlinganisha naye? – Mwalimu, Dodoma.

JIBU: Mwalimu, wanafunzi wako wamegusa ugumu wenyewe wa kazi hii, nami nawapongeza. Sisi tumezoea kuueleza ukoo kwa kushuka: tunamtaja babu, kisha watoto wake, wajukuu, vitukuu, vilembwe na vining'ina, mpaka tumfikie aliye hai. Mtoto aliyefariki akiwa mdogo hana njia hiyo, kwa maana hakuna aliyetoka kwake. Kwa mtoto kama huyo ni lazima mtafiti apande kwanza hadi kwa mama, apande tena hadi kwa bibi mzaa mama, ndipo ateremke kwa mabinti wengine wa bibi huyo, yaani mama wakubwa na mama wadogo wa marehemu, na kwa mabinti wa hao, hadi afike kwenye mlango wa mtu anayeishi leo.

Nimesema upande wa kukeni kwa sababu maalumu. Katika mwili wa binadamu kuna vinasaba vya kiini cha seli, ambavyo kila mmoja wetu amevipata kwa baba na kwa mama, na kuna vinasaba vya mitokondria, yaani vile vijisehemu vya seli vinavyoipatia nguvu, ambavyo tunavipata kwa mama peke yake. Mama huwapa watoto wake wote, wa kiume na wa kike, lakini ni mabinti tu wanaovipokeza mbele. Tunapowaita watu ndugu wa tumbo moja tunakuwa tumesema karibu kabisa na anachokiona mtaalamu wa maabara, na kwake watoto wa dada wawili nao ni kama wa tumbo hilo hilo. Kuna faida nyingine pia. Vinasaba vya kiini vimo kwa nakala mbili tu katika kila seli, ilhali vya mitokondria vimo kwa mamia na hata maelfu, na kwa hiyo katika mifupa ya zamani iliyokwisha kuliwa na udongo, hivyo vya mama ndivyo vyenye matumaini ya kusalia.

Lakini maabara haimjui mama wa mtoto mpaka ielezwe na mtu aliyesoma karatasi, na hapa ndipo penye kazi ambayo magazeti mengi yaliiruka. Orodha ya abiria ilionyesha watoto sita wa kiume, wa kuanzia miezi mitano hadi miaka miwili, ambao mmoja wao angeweza kuwa ndiye aliyezikwa pale. Walitoka katika familia za nchi mbalimbali, Uingereza, Ireland, Uswidi na Ufini zikiwamo. Kwa kila mmoja ilibidi atafutwe mama, kisha watafutwe dada za mama. Uingereza imesajili vizazi, ndoa na vifo tangu mwaka 1837, na sensa yake ya 1911, mwaka mmoja kabla ya meli kuzama, ilimtaka kila mwanamke aliye katika ndoa aeleze amezaa watoto wangapi, wangapi wako hai na wangapi wamefariki. Ni safu tatu za tarakimu tu kwenye karatasi, lakini ndani yake wamehesabiwa watoto wengi wachanga ambao familia zao zilikuwa zimekwisha kuacha kuwataja. Kwa Ufini na Uswidi hazina kubwa ni vitabu vya sharika za Kilutheri, ambavyo viliandika kila nyumba na kuonyesha nani alihama kutoka usharika gani kwenda upi.

Mama yake Sidney, Augusta, alizaliwa katika familia ya Tyler. Yeye na mumewe Frederick walikuwa wakihamia Niagara Falls, Marekani, pamoja na watoto sita ambao Sidney ndiye aliyekuwa kitinda mimba wao, na walipanda meli katika daraja la tatu. Ni kweli kwamba nyumba ya Frederick na Augusta ilikatika, Mwalimu, ila tumbo alilotoka Augusta halikukatika. Kwa jamaa wa tumbo hilo ndiko kulikopatikana damu ya kulinganisha.

SWALI: Mahakamani tunaambiwa kuwa vinasaba havidanganyi. Mbona basi mwaka 2002 mtoto huyo huyo alitangazwa kuwa Eino Viljami Panula, Mfini wa miezi 13, na miaka mitano baadaye akageuka kuwa Mwingereza? Ni nani alidanganya? – Msomaji, Mombasa.

JIBU: Hakuna aliyedanganya, ndugu yangu, na ningependa tulielewe kosa hili vizuri kwa sababu linaweza kumpata yeyote anayetafuta ukoo, hata asiyewahi kuingia maabara.

Tuanze na maiti yenyewe. Meli ya Mackay-Bennett, iliyokuwa ya kutandaza nyaya za simu baharini, ilikodiwa kwenda kuokota miili, na tarehe 21 Aprili 1912 mabaharia wake walimtoa majini mtoto wa kiume, wakampa namba 4. Karani wao aliandika kwamba ana nywele za rangi nyepesi, umri wa kukadiria miaka miwili, amevaa koti la kijivu lenye manyoya shingoni na mikononi, gauni dogo la kahawia, fulana ya sufu ya rangi ya waridi, soksi na viatu vya kahawia. Halafu akaongeza kwamba mtoto hana alama yoyote ya kumtambulisha. Hakuna jamaa aliyejitokeza kumdai, kwa hiyo mabaharia wenyewe walichukua jukumu la mazishi tarehe 4 Mei, wakamwekea jiwe katika makaburi ya Fairview Lawn, na ndani ya jeneza wakaweka kidani cha shaba chenye maneno yanayomaanisha "Mtoto Wetu".

Kwa miaka mingi watu walidhani ni Gösta Pålsson, mtoto wa Kiswidi wa miaka miwili, na mama yake Gösta amezikwa katika makaburi hayo hayo, hatua chache kutoka hapo. Hayo yalikuwa makisio ya huruma. Kaburi lilipofukuliwa mwaka 2001 kilichopatikana kilikuwa kipande cha mfupa cha sentimita 6 na meno matatu, basi. Watafiti walisoma sehemu fupi tu ya vinasaba vya mitokondria, ile inayobadilikabadilika sana kati ya mtu na mtu. Sehemu hiyo iliwaondoa watoto wengine, Gösta akiwamo, ikawabakiza wawili, Eino na Sidney. Wataalamu wa meno wakasema meno yale ni ya mtoto mwenye umri unaokaribia ule wa Eino, na kwa hukumu hiyo ya meno jina la Eino likatangazwa.

Inawezekanaje Mfini na Mwingereza wasiojuana wakafanana? Kwa sababu vinasaba vya mama hubadilika polepole sana. Watu wawili wanaweza kuwa na bibi mmoja wa kukeni aliyeishi maelfu ya miaka iliyopita, na bado kurasa chache za kwanza za vitabu vyao zikasomeka sawasawa. Waliosoma kurasa hizo hawakudanganywa nazo, walizisoma kama zilivyo, lakini kitabu kizima hawakukisoma.

Kilichowarudisha mezani ni viatu. Mwaka 1912 nguo za marehemu zilichomwa moto ili watu wenye uchu wa kumbukumbu wasije wakazichukua na kuziuza, na sajenti mmoja wa polisi wa Halifax, Clarence Northover, aliyekuwa akizilinda, hakuweza kuvitupa motoni viatu vya mtoto. Aliviweka kwenye mtoto wa meza kituoni, akastaafu navyo, na mwaka 2002 familia yake ikavikabidhi kwa Makumbusho ya Bahari ya Atlantiki mjini humo. Ni jozi ya ngozi ya kahawia, na ni vikubwa kuliko mguu wa mtoto wa miezi 13. Nimeitazama picha yake mara nyingi, na kila mara namfikiria polisi yule, ambaye bila kujua alihifadhi ushahidi ambao meno matatu hayakuweza kuutoa. Vipimo vikarudiwa, safari hii katika maabara ya vinasaba ya majeshi ya Marekani, na sehemu pana zaidi ya mitokondria ikasomwa. Tofauti ndogo ikajitokeza, ikawa inamwelekea Sidney. Hata hivyo, katika ripoti yao ya kisayansi ya mwaka 2011 watafiti waliandika kwamba mabaki hayo yaelekea zaidi kuwa ya Sidney. Wanasayansi makini huchagua maneno yao hivyo, nasi tusiyakaze kuliko walivyoyakaza wenyewe.

Jambo moja zaidi kabla sijaiacha barua yako. Vinasaba vya mitokondria humtaja mama, havimtaji mtoto. Watoto wote sita wa Augusta walikuwa navyo vile vile, na Sidney anajulikana kwa kuwa kaka zake walikuwa wakubwa mno kuweza kuvaa viatu hivyo. Ugumu huu ulionekana pia Ufaransa, ambako moyo uliosemwa kuwa wa Louis wa 17, mwana wa mfalme aliyefia gerezani mwaka 1795 akiwa na miaka 10, ulipimwa mwaka 2000 na kuonekana kuwa wa tumbo la mama yake, Marie-Antoinette. Kipimo peke yake hakikuweza kusema kwamba moyo ule haukuwa wa kaka yake aliyefariki mwaka 1789. Hilo lilitegemea habari za daktari aliyeuchukua na mikono uliyopitia baada yake.

SWALI: Babu yangu alioa mara mbili. Mke wa kwanza alimzalia binti mmoja, akabatizwa misheni, na kufariki kwa surua akiwa na umri wa miaka mitatu hivi, karibu mwaka 1951. Mama yake akamfuata mwaka uliofuata. Sisi sote tulio hai tumetoka kwa mke wa pili. Mwezi Desemba tunataka kulijengea kaburi la shangazi yetu huyo, lakini wazee wanasema si vyema kuweka jiwe bila kutaja ukoo wa mama yake, na hakuna anayekumbuka bibi yule alitoka wapi. Kijana wetu mmoja, baada ya kusoma makala yenu, anashauri tufukue tupime vinasaba. Tufanyeje? – Mjukuu, Songea.

JIBU: Poleni kwa msiba huo ambao, ingawa ni wa zamani, naona bado mnaubeba. Wazee wako wamesema kweli, na kijana wako ana nia njema, lakini naomba kaburi lisifukuliwe.

Halifax watu walikuwa na mwili, wakauliza, "Huyu ni nani?" Ninyi mnajua aliyelala pale ni nani, msichokijua ni watu wa mama yake. Kipimo hulinganisha tu. Hakiwezi kukuambia kwamba bibi yako alitoka kijiji fulani au ukoo fulani mpaka upate kwanza mtu wa ukoo huo akubali kutoa sampuli. Sasa, kama mmekwisha kumpata mtu huyo kwa njia ya rejesta na mazungumzo, mtakuwa mmelipata jibu lenyewe, na sioni sababu ya kulisumbua kaburi. Tena mifupa ya mtoto wa miaka mitatu ni laini, na baada ya miaka zaidi ya 70 ardhini pengine hamtakuta chochote. Fahamuni pia kwamba kaburi halifukuliwi bila kibali, na kwamba hapa Tanzania upimaji wa vinasaba unaongozwa na sheria ya mwaka 2009, chini ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali, ambako maombi hupitia vyombo kama mahakama, polisi au ofisi ya ustawi wa jamii.

Anzeni parokiani. Mwombeni paroko awaruhusu kuona rejesta ya ubatizo ya miaka ya 1947 hadi 1950, mkieleza kwa barua ninyi ni nani na mnatafuta nini, na kama parokia imegawanywa tangu wakati huo, ulizeni vitabu vya zamani vilibaki wapi. Katika vitabu vya enzi hizo vichwa vya safu mara nyingi viliandikwa Kilatini: pater ni baba, mater ni mama, patrini ni wasimamizi wa ubatizo. Someni polepole, kwa sababu mapadre wengi wa misheni za kusini walikuwa Wajerumani, na waliyaandika majina yetu jinsi sikio lao lilivyoyasikia na mkono wao ulivyozoea. Sauti tunayoiandika "ch" waliweza kuiandika "tsch", "sh" ikawa "sch", na "y" ikawa "j". Jina mnalolitafuta linaweza kuwa mbele ya macho yenu, nanyi mkalipita.

Mkishamwona mtoto, msikimbilie nje na furaha yenu. Nakilini jina la msimamizi wa ubatizo, maana mara nyingi alikuwa mama mdogo wa mtoto au jirani aliyetoka kijiji kimoja na mama. Kisha ombeni rejesta ya ndoa, ambayo kwa shida yenu naithamini kuliko ya ubatizo. Kama babu alifunga ndoa kanisani na mke wake wa kwanza, humo mtatafuta jina la baba wa bi harusi, mahali alikotoka na mashahidi wawili. Rejesta ya marehemu iangalieni mwisho. Ofisi za RITA, wakala wa serikali wa kusajili vizazi na vifo, mnaweza kuziuliza mkiwa na safari nyingine ya mjini, lakini msitumie nauli kwa ajili hiyo tu, kwa kuwa watoto wengi wa vijijini wa miaka ile hawakusajiliwa serikalini.

Kwa wazee nako, badilisheni swali. Mkimuuliza mzee wa miaka 85, "Yule bibi alikuwa wa ukoo gani?" atawaambia amesahau, na atakuwa mkweli. Muulizeni mahari ya babu ilipelekwa kijiji gani na nani aliipokea. Muulizeni mtoto alipofariki ni nani alitumwa kupeleka taarifa kwa wajomba, alitembea siku ngapi, na wajomba hao walipokuja matangani walilala nyumba ya nani. Muulizeni mama mwenyewe alizikwa hapo au alirudishwa kwao. Nimeona watu waliokuwa wamesahau jina la marehemu kabisa wakikumbuka mbuzi wangapi walitolewa na nani alilalamika kuwa hawatoshi, na kutoka kwa huyo aliyelalamika familia ikaupata ukoo mzima.

Jihadharini pia na majina yanayorudiwa. Mtoto akifariki, anayefuata mara nyingi hupewa jina lile lile, au hupewa jina la uchungu kama Tabu, Shida au Masumbuko. Mke wa pili anaweza kuwa alimpa binti yake jina la marehemu ili jina lisipotee nyumbani, hivyo mkikuta jina hilo kwenye rejesta ya mwaka 1955 mjue huyo si shangazi yenu mnayemtafuta. Mimi mwenyewe niliwahi kuangukia hapo. Tulipomjengea kaburi mjomba wangu aliyefariki akiwa mchanga, niliamini maneno ya mzee mmoja, nikachongesha kwenye jiwe mwaka wa kuzaliwa wa mdogo wake aliyerithi jina. Mama yangu alilisoma jiwe siku ya misa, akaweka mkono juu ya ule mwaka, akanyamaza. Tulilibadilisha, lakini mkono ule bado nauona.

Kule Halifax maneno ya kale juu ya jiwe, yanayomtaja mtoto asiyejulikana, yameachwa vile vile. Mwezi Agosti 2008 jamaa wa Goodwin walikusanyika hapo, wakasoma majina ya watoto wapatao 50 waliokufa na meli ile, na kengele ikagongwa kwa kila jina. Nalitaja hili ili msione haya kama Desemba itafika kabla ya utafiti kukamilika. Andikeni jina la mtoto, jina la baba yake, na jina la mama yake jinsi mtakavyolikuta kwenye rejesta, hata likiwa la ubatizo tu. Mwambieni fundi aache nafasi tupu ya mstari mmoja chini ya jina la mama, upana wa vidole vinne unatosha, ili siku mtakapowapata wajomba waje waone mahali pao.